Msitu wa Kutisha: Magofu ya Kale Kandokando ya Ziwa Victoria

Neno gofu katika Kiswahili hutaja jengo lililobaki kuta tu baada ya paa kuanguka na wenyewe kuondoka, na msomaji wa pwani akilisikia hukumbuka mara moja Gede, Kaole au Kilwa Kisiwani, mahali ambapo matumbawe na chokaa vimesimama kwa karne nyingi. Msomaji wa Mwanza hana picha kama hiyo karibu na nyumbani. Mawe anayo, tena kwa wingi unaowashangaza wageni, lakini hayakupangwa na mkono wa mtu: Jiwe la Bismarck linalotokeza majini karibu na bandari, na majabali yaliyobebana juu ya vilima vya jiji, ni itale iliyoliwa na mvua, jua na upepo mpaka ukabaki ule moyo mgumu wa mwamba. Kwa hiyo akisoma habari za mahekalu ya Wamaya yaliyofunikwa na msitu huko Amerika ya Kati, huzipokea kama hadithi ya bara jingine isiyomhusu. Mwambao wa Ziwa Victoria, hata hivyo, una mabaki ya kale yanayostahili safari ya aina ileile, na baadhi yake ni ya zamani kuliko sehemu kubwa ya yale yanayowavuta watalii Guatemala. Tofauti ni kwamba mengi yake hayaonekani kwa macho peke yake.

Inafaa kwanza kuyatazama magofu ya Wamaya kwa kadiri yanavyosaidia kuyaelewa ya hapa. Wamaya ni watu wa Guatemala, Belize, kusini-mashariki mwa Mexico na sehemu za Honduras na El Salvador, ambao kati ya mwaka 250 na 900 hivi walikuwa na miji mingi yenye wafalme, maandishi, kalenda na mahekalu ya mawe yaliyopanda ngazi kwa ngazi. Hekalu refu kuliko yote katika mji wa Tikal lina kimo cha mita 65 hivi, na kilele chake hutokeza juu ya miti mirefu ya msitu wa Petén. Miji mingi ya nyanda za chini ilihamwa katika karne ya 9, msitu ukarudi, na iko ambayo hadi leo haina barabara: anayetaka kuona El Mirador hutembea kwa miguu au na nyumbu kwa siku kadhaa kutoka kijiji cha Carmelita. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba, kwa kupima ardhi kutoka kwenye ndege kwa mwanga wa leza unaopenya kati ya majani, walikuwa wamegundua zaidi ya majengo 60,000 ambayo hayakuwa yamejulikana kaskazini mwa Guatemala, yakiwamo nyumba za watu wa kawaida, barabara na matuta ya kilimo. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba ulimwengu uliopotea umepatikana. Lakini Wamaya wenyewe hawakupotea, kwani mamilioni yao wangali wanazungumza lugha zao, na Walakandoni wa msitu wa Chiapas walikuwa wakienda kufukiza ubani katika mahekalu ya Yaxchilán muda mrefu kabla na baada ya wazungu kuyachora katika vitabu vyao. Aliyepotea, kwa kweli, alikuwa mgeni.

Swali la haki ambalo msomaji wa Usukuma au Buhaya anaweza kuuliza ni kwa nini wafalme wa Ziwa, waliotawala nchi yenye mawe kila upande, hawakuacha mahekalu. Jibu limo katika namna utawala wenyewe ulivyokaa juu ya ardhi. Makazi ya ntemi wa Wasukuma na Wanyamwezi, yaliyoitwa ikulu, neno ambalo Kiswahili kimelichukua kwa makazi ya Rais, yalijengwa kwa miti, udongo na nyasi, na mara nyingi mrithi alipotawazwa aliweka ikulu yake mahali pengine. Vivyo hivyo Wahaya walikuwa na kikale, yaani mji wa mfalme, uliohama pamoja na mwenye enzi. Nyumba ya heshima ya Buhaya ilikuwa msonge, nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, kubwa kiasi cha kuweka watu, moto na mifugo chini ya paa moja, nayo ilihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Ikiachwa, mchwa na mvua humaliza kazi kabla mtoto aliyezaliwa ndani yake hajaoa. Kinachobaki ni duara la udongo uliokanyagwa, majivu, vigae, pengine mti uliopandwa mlangoni, na jina la mahali. Ukuu wa mfalme ulipimwa kwa watu, ng'ombe na migomba aliyokuwa nayo, na hakuna kimoja kati ya hivyo kinachogeuka jiwe.

Mahali pamoja, hata hivyo, mwambao wa Ziwa ulijenga kwa mawe, na mgeni anayetamani kuona kuta zilizomezwa na kichaka aanze hapo. Thimlich Ohinga iko katika Kaunti ya Migori, kusini-magharibi mwa Kenya, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, katika nchi ya vilima vya chini inayotazama Ziwa. Jina lenyewe ni la Kijaluo, na lina sehemu mbili: thimlich ni msitu mnene unaotisha, na ohinga ni boma au ngome, kwa hiyo aliyepaita hivyo aliona kwanza msitu, kisha kuta ndani ya msitu. Wataalamu wanakadiria kwamba kuta hizo zilijengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ajabu ya Thimlich Ohinga ni ufundi unaoonekana kuwa rahisi mpaka mtu ajaribu kuuiga. Kuta zina kimo cha kati ya mita 1.5 na zaidi ya 4, unene wake hufika mita 3 mahali pengine, na hazina chokaa, udongo wa kugandisha wala jiwe lililochongwa. Waashi waliokota mawe ya hapohapo, ya maumbo na ukubwa mbalimbali, wakayapanga katika nyuso mbili, wa nje na wa ndani, kisha wakajaza katikati mawe madogo yanayozifunga nyuso hizo zisiachane. Kuta haziendi kwa mstari ulionyooka bali hupinda na kujikunja, na palipohitaji nguvu zaidi ziliongezewa nguzo za mawe za kuegemea, hata uzito ukagawanyika na jiwe moja likawa linalishika jingine. Fundi wa Mwanza aliyezoea kujenga msingi wa nyumba kwa mawe na saruji atatambua upesi hatari iliyokuwapo, kwa sababu ukuta wa namna hii ukipoteza mawe machache ya chini hufunguka kama kifungo cha shati, na ndiyo sababu mizizi ya miti, mbuzi wanaopanda juu na watalii wanaokaa kupiga picha ni maadui wakubwa kuliko mvua.

Kuna maboma makubwa manne, yaitwayo Kochieng', Kakuku, Koketch na Koluoch, kwa majina ya wakuu wa familia zilizokaa humo baadaye. Mlango wa boma ni mfupi kwa makusudi, wenye mawe marefu yaliyolazwa juu yake, hata anayeingia, rafiki au adui, lazima ainame na kutanguliza kichwa, huku mlinzi akiwa juu ya jukwaa la mawe karibu na mlango. Ndani yake pana mabonde madogo ya mviringo palipokuwa na nyumba, zizi la ng'ombe lenye ukuta wake, mawe ya kusagia, na matundu chini ya kuta ya kutolea maji ya mvua. Upo pia mwamba uliochongwa mashimo ya mchezo wa bao, ambao Wajaluo huuita ajua, na nje ya Kochieng' yamekutwa mabaki ya kazi ya wahunzi. Vitu hivi viwili, bao na mavi ya chuma, humwambia mgeni kuhusu maisha ya humo mambo mengi kuliko urefu wa ukuta: hapa watu walifanya kazi, wakapumzika, wakabishana kuhusu kete.

Nani alijenga? Kwa miaka mingi kila jamii imevutia upande wake, lakini maelezo yanayoaminika ni kwamba maboma yalianzishwa na watu waliokuwapo kabla ya Wajaluo kuenea katika eneo hilo, huenda wasemaji wa lugha za Kibantu, na kwamba waliofuata waliyahamia, wakayakarabati kwa ufundi uleule na kuyaongeza, kila kundi likiliachia jingine, hadi katika karne ya 20 yalipohamwa. Thimlich Ohinga, kwa hiyo, ni kumbukumbu ya jamii zilizopokezana nyumba bila kuibomoa, na anayetafuta kabila moja la kulipa sifa zote anaharibu habari yenyewe. Wala haikuwa peke yake: katika eneo lote la Nyanza ya Kusini yameorodheshwa maboma ya mawe zaidi ya 500 katika sehemu zaidi ya 130, mengi yakiwa yameanguka au yamegeuzwa kuwa mawe ya ujenzi. Wajaluo wana neno gunda, ambalo ni mahali palipokuwa na boma la wazee na sasa pamehamwa. Gunda haichukuliwi kuwa kitu kilichokufa, kwani hadi leo mtu huweza kuitaja mbele ya wazee kuthibitisha kwamba ardhi ni ya ukoo wake. Kiswahili cha kawaida hakina neno linalolingana na hilo, na ni hasara.

Mto Kuja unapita si mbali na hapo, na kando yake, katika maporomoko ya Gogo, wanaakiolojia, yaani wataalamu wanaochimbua na kusoma mabaki ya watu wa zamani, walikuta tabaka juu ya tabaka za maisha ya kale zaidi: mifupa ya samaki na wanyama wa porini, mifupa ya ng'ombe na mbuzi, na vigae vya aina zaidi ya moja. Vya kale kuliko vyote huitwa Kansyore, kwa jina la kisiwa kilichomo katika Mto Kagera, na vilifinyangwa na wavuvi na wawindaji ambao hawakulima. Juu yake vinakuja vigae vya Urewe, vyungu vyembamba vilivyopambwa kwa mistari, ambavyo mara nyingi vina kibonyeo chini, kama mfinyanzi aliyekandamiza kidole gumba kabla udongo haujakauka. Urewe ni jina la mahali katika Nyanza ya Kati palipotambuliwa vyungu hivyo kwa mara ya kwanza. Vimekutwa pande zote za Ziwa na hadi Rwanda na Burundi, na katika masimulizi ya wataalamu ni alama ya wakulima wa kwanza waliojua kuyeyusha chuma katika nchi hizi. Gogo haina ukuta wala lango. Mgeni asiyeelezwa atapita juu ya miaka elfu kadhaa akidhani anakanyaga majani.

Hapa ndipo msitu wa Ziwa unapotofautiana na ule wa Wamaya, kwa sababu sehemu kubwa ya vichaka vilivyofunika makazi ya mwambao si ya kale hata kidogo. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliwaua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 katika upande wa Uganda peke yake, na serikali ya kikoloni ikaamuru visiwa na fukwe nyingi zihamwe. Kisiwa cha Lolui, kilicho kaskazini mwa Ziwa katika eneo la Uganda, kilikuwa miongoni mwa vilivyoachwa tupu. Wanaakiolojia waliofika huko katika miaka ya 1960 walikuta matuta na mistari ya mawe ya mashamba, mamia ya vishimo vya kusagia nafaka vilivyochimbika katika miamba, michoro, na majabali yaliyoachwa alama za kugongwa, ambayo yakipigwa kwa jiwe hutoa mlio wa kengele. Majabali ya namna hiyo yapo pia upande wa Tanzania, na lile la vilima vya Moru katika Serengeti linajulikana sana kwa watalii. Aliyefika Lolui bila kujua habari za malale angeweza kuandika kwa urahisi kwamba amegundua ustaarabu uliotoweka kwa siri, ilhali wajukuu wa wenyeji walikuwa hai ng'ambo ya maji.

Kisiwa cha Rubondo, katika Mkoa wa Geita, ni mfano ulio karibu zaidi na Mwanza. Leo ni msitu mzito, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, na wageni huenda kuona sokwe waliopelekwa huko katika miaka ya 1960, tembo, na ndege. Ni wachache wanaoambiwa kwamba katika miaka hiyohiyo walikuwapo wavuvi na wakulima waliohamishiwa visiwa vya jirani na bara ili mahali pawe pori la akiba. Msitu unaoonekana kuwa wa tangu kuumbwa kwa dunia unaweza kuwa na shamba la mtu chini yake, na wahifadhi wangefanya vyema kuyasimulia yote mawili.

Kwa upande wa magharibi mwa Ziwa mambo yaligeuka kinyume kabisa: badala ya msitu kula mji, chuma kilikula msitu. Katika Wilaya ya Bukoba, si mbali na Maruku, kipo kijiji cha Katuruka, na katika kijiji hicho mahali panapoitwa Kaiija, jina linalofasiriwa kuwa mahali pa kufulia chuma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Peter Schmidt, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, alikwenda Buhaya kurekodi masimulizi, na wazee wakamsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe wa nasaba ya Wahinda, aliyetawala katika karne ya 17, ambaye aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni ili ajue kulikoje huko, na mnara ukaanguka. Wazee hawakuishia kwenye hadithi. Walimwonyesha mti mkubwa wa tambiko na kusema kwamba chuma cha mnara kilifuliwa pale. Mtafiti mwingine angeandika habari ya mnara katika daftari la ngano na kuendelea na safari. Schmidt alichimba.

Chini ya mahali walipoonyesha wazee palikutwa shimo la kazi ya uhunzi, mavi ya chuma, yaani uchafu mzito mweusi unaobaki madini yanapoyeyushwa, pamoja na vigae vya Urewe. Makaa yalipopimwa kwa kaboni ya mionzi, njia inayokadiria umri wa kitu kilichowahi kuwa hai kwa kiasi cha kaboni iliyobaki ndani yake, baadhi ya majibu yalielekeza kwenye karne za mwisho kabla ya Kristo, mengine yakirudi nyuma hadi karibu mwaka 500 K.K. Tarehe hizo za mbali zaidi zimepingwa na wataalamu wanaosema kwamba makaa ya mti mkongwe huonyesha umri wa mti, na sio siku ulipochomwa, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo, hakuna anayebisha kwamba chuma kilikuwa kikifanyiwa kazi Buhaya takriban miaka 2,000 iliyopita, muda mrefu kabla mahekalu makubwa ya Tikal hayajapandishwa.

Jambo kubwa zaidi limo katika tofauti ya miaka. Rugomora Mahe alitawala katika karne ya 17, na wahunzi wa Kaiija walifanya kazi zaidi ya karne 15 kabla yake, kwa hiyo masimulizi yalikosea mfalme lakini yalipatia mahali na kazi. Schmidt alieleza kwamba Wahinda, waliokuja baadaye kama watawala, waliweka kikale chao juu ya mahali ambapo koo za zamani za wahunzi tayari zilipaheshimu, ili utakatifu wa chuma uhamie kwa kiti chao cha enzi. Hadithi ya mnara, basi, ni hati ya kisiasa iliyoandikwa kwa midomo. Kumbukumbu ya mahali ilidumu muda ambao hakuna karatasi yoyote ya Tanzania bara imedumu, ikishikwa na mti mmoja na watu waliokatazwa kuukata.

Mwaka 1976 wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani, lakini waliokuwa wameiacha kazi hiyo kwa takriban nusu karne kwa sababu ya majembe na vyuma vya dukani, walikubali kujenga tanuri tena. Walichimba shimo na kulijaza nyasi za bwawani zilizochomwa zikawa masizi, wakasimamisha juu yake tanuri la udongo, wakapitisha mirija ya udongo hadi ndani kabisa ya moto, na vijana wakavuta mivukuto kwa zamu. Majaribio ya kwanza hayakufaulu, jambo la kutarajiwa kwa mikono iliyosahau. Walipofaulu, Schmidt na mhandisi Donald Avery walieleza mwaka 1978, katika jarida la Science, kwamba hewa iliyopita ndani ya mirija iliyozungukwa na moto ilipata joto kabla ya kutoka, kwamba joto la tanuri lilipanda sana kwa sababu hiyo, na kwamba chuma kilichopatikana kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua. Wataalamu wengine wa madini wamebisha kuhusu kiwango cha joto hilo na maana yake, na mabishano hayajaisha, lakini hakuna aliyerudi kusema kwamba ufundi huo ulikuwa wa kubahatisha. Matanuri yalihitaji makaa, makaa yalihitaji miti, na wataalamu wanaamini kwamba mbuga za nyasi zilizo kati ya vijiji vya Buhaya, ambazo wenyeji huziita rweya, kwa sehemu ni kovu la kazi hiyo. Upande wa kusini, kazi hiyo iliendelezwa na Warongo wa nchi za Uzinza na Geita, ambao majembe yao yalifika Usukuma na kutumika hata katika mahari, kwa hiyo bibi wa mtu wa Magu au Kwimba huenda aliolewa kwa chuma kilichotoka katika tanuri la aina hii.

Hati zilizoandikwa kwa midomo, kama ile ya mnara, zina adui wake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watu waliokufa ni pamoja na wale ambao wangepokea masimulizi kutoka kwa wazee na kuyafikisha kwa watoto. Wazee waliobaki walitumia nguvu zao za mwisho kulea yatima, wala hawakuwa na jioni ya kusimulia habari za wafalme. Vita vya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin vilikuwa vimekwisha kuutikisa mkoa huo. Ikiwa magofu ya Wamaya yaliharibiwa na mizizi na wezi wa sanamu, ya Buhaya yaliharibiwa katika vitanda vya hospitali. Wanakijiji wa Katuruka walilitambua hilo wenyewe, na mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii walianza kurekodi walichokumbuka, kufufua mahali pa tambiko na kujenga upya nyumba ya mfalme, Buchwankwanzi, kwa nyasi na miti kama ilivyokuwa. Wako watakaosema kwamba nyumba mpya si gofu. Lakini nyumba ya nyasi haijawahi kuwa na namna nyingine ya kudumu isipokuwa kujengwa tena, na kwa kipimo hicho Buchwankwanzi ni ya asili kuliko ukuta uliotiwa saruji na idara.

Msafiri anayeondoka Mwanza ana mafunzo ya kupata kabla hajafika mbali. Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, Kisesa, yapata kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, yaliyoasisiwa kwa juhudi za Padri David Clement kutoka Kanada pamoja na wazee wa Kisukuma, yanaonyesha vigoda vya enzi, ngoma na zana za uhunzi, na yanamfundisha macho ya kutambua vitu ambavyo huko mbele atavikuta vikiwa vipande. Kutoka hapo barabara ya mashariki hupita Magu, Lamadi, Bunda na Tarime hadi mpaka wa Sirari, kisha Migori na njia ya vumbi kuelekea Macalder, ambayo wakati wa masika huweza kumchelewesha mtu nusu siku. Kwa upande wa magharibi, Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3 na lililofunguliwa mwaka 2025, limewaondolea wasafiri wa Sengerema, Geita na Bukoba foleni ya kivuko, ingawa wengi wangali wanachagua meli, hata katika familia zisizoweza kuitaja njia hiyo ya maji bila kukumbuka Mei 21, 1996, siku ya kuzama kwa MV Bukoba.

Sheria nayo ijulikane. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na kuvichimba au kuvihamisha bila kibali ni kosa. Kenya inayo sheria yake ya mwaka 2006. Kigae cha Urewe kina ukubwa wa kiganja na huingia mfukoni bila shida, hasa baada ya mvua, maji yanapokisukuma juu ya njia, na hilo ndilo jaribu kubwa la mgeni wa Buhaya. Kikiondolewa mahali kilipolala hakuna anayeweza tena kusema kilikuwa na mavi ya chuma upande gani, au kilikuwa chini ya tabaka lipi. Kuhusu majabali ya Mwanza, yapo yenye michoro na alama za kugongwa katika kanda nzima ya Ziwa, na wapasuaji wa kokoto hawana jinsi ya kuyatambua ikiwa hakuna aliyewaonyesha. Kuwalaumu bila kuwaelekeza ni uvivu wa wasomi.

Mgeni asiende Katuruka wala Thimlich Ohinga bila mwenyeji wa mahali hapo, na asimharakishe, kwa kuwa huko Katuruka yeye ndiye sehemu kubwa ya kinachotembelewa. Meli ya MV Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, husafiri usiku. Anayeipanda jioni katika bandari ya Mwanza hushuka Bukoba asubuhi, na kutoka hapo Katuruka ni mwendo wa gari usiofika saa moja.